Bingwa Aliyeogopa Matope, na Mzee Aliyemtembeza Kwenye Mvua

Mvua ndefu ikianza Nairobi, uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road hubadilika sura. Jumapili za kiangazi pale ni sherehe tupu: akina dada na kofia zao pana, watoto wanalilia aiskrimu, vijana waliokuja kupiga picha tu na hata hawajui farasi gani ameshinda. Mwezi wa nne ukifika, mawingu yakatulia juu ya ule msitu wa jirani, hao wote huwaoni tena. Wanaokuja ni wale wenye mchezo kwenye damu, wazee wa makoti mazito na programu iliyokunjwa mfukoni. Uwanja huo uko hapo tangu 1954 na wao ni kama wamekuwa hapo tangu siku hiyo. Wanajua mvua huchanganya hesabu, na hesabu ikichanganyika kuna mtu atarudi nyumbani na pesa.

Mfano wanaoupenda ni wa Kentucky, Marekani, mwaka wa 2009. Farasi aitwaye Mine That Bird, ambaye bei yake ilikuwa 50 kwa 1, alianza nyuma ya wote kwenye njia iliyojaa maji, akapenya kando ya ua, akawaacha wakubwa wote kwa zaidi ya urefu wa farasi sita. Mwaka wa 2018, mbio hiyo hiyo, mvua ilimwagika kutwa na Justify akashinda kwa kukaa karibu na mbele tangu mwanzo, mahali ambapo matope ya kupigwa usoni ni machache. Hizo ni hadithi za jukwaani. Za mazizini huwa na harufu nyingine kabisa.

Sasa, pale Ngong palikuwa na bingwa wao. Farasi jike wa kahawia, mguu mmoja wa nyuma mweupe kama amevaa soksi. Majina yawekwe kando, maana wahusika wote bado wanasalimiana kila alfajiri na hakuna anayetaka maneno. Kiangazi chote hakuguswa: mbio tano, ushindi mara tano. Mwenye farasi, mfanyabiashara ambaye mazizini wanamwita Mdosi, alikuwa ameshaanza kutembea kifua mbele kama aliyekimbia ni yeye. Mkufunzi wake alikuwa mama wa makamo, mtu wa maneno machache. Masaisi wote humwita Mama, hata wale waliomzidi umri. Yeye hakuwa na furaha hiyo. Alikuwa akiangalia kalenda. Mbio kubwa aliyoitaka Mdosi ilikuwa imeangukia katikati ya mvua, na huyu bingwa, kila mtu alijua, hapendi matope.

Hapendi matope. Hilo neno utalisikia sana kwa watu wa farasi, na mara nyingi ni neno la uvivu. Ni kama kusema mtoto fulani hapendi hesabu. Sawa, hapendi, lakini nani alimfundisha hesabu ya kwanza, na siku hiyo alipigwa? Kwa huyu jike ushahidi wote ulikuwa mbio moja tu ya mwaka uliotangulia. Ilinyesha, akamaliza wa mwisho, joki akashuka akasema, “Huyu amegoma.” Basi kesi ikafungwa. Tangu siku hiyo, mvua ikinyesha usiku, alfajiri jina lake lilifutwa kwenye ubao wa mazoezi. Wenzake wakitoka, yeye anabaki bandani anatafuna nyasi kavu na kuangalia matone.

Mtu asimcheke Mama kwa uamuzi huo. Farasi wa mbio ana kilo 450, wengine hufika 500, na akitimka sawasawa anakaribia kilomita 60 kwa saa. Kuna nukta katika kila hatua ambapo mguu mmoja, mwembamba kuliko mkono wa mwanamume wa mjengo, unabeba zaidi ya mara mbili ya uzito huo wote. Ardhi kavu inamrudishia nguvu. Ardhi iliyolowa inafanya moja kati ya mambo mawili: ama kwato inateleza, ama inazama. Ikizama, ile kano ndefu ya nyuma ya mguu wa mbele inavutika kama mpira. Ikichanika, ni miezi na miezi ya kupona, na wengi hawarudi walivyokuwa. Kwa hiyo mtu akikuambia mkufunzi fulani ni mwoga wa mvua, muulize kwanza amewahi kushika mguu wa farasi ukiwa na moto wa kano iliyochanika.

Lakini kumlinda mnyama na kumfundisha ni kazi mbili, na pale zizini mtu aliyeijua tofauti hiyo hakuwa na jina kwenye programu. Fungua programu yoyote ya mbio: utaona jina la mwenye farasi, la mkufunzi na la joki. Saisi, yule anayemlisha, kumpiga msasa, kumzolea kinyesi na kulala akiwaza kama atakula, huyo humwoni popote.

Saisi wa huyu jike alikuwa mzee wa karibu miaka 60, mtu wa Kakamega, anayeishi Kibera na kufika kazini kwa miguu kabla ya kupambazuka. Siku ile ya kumaliza wa mwisho, yeye ndiye aliyempokea langoni. Wengine walikuwa wakimsikiliza joki. Yeye aliinama akahesabu viatu. Vilikuwa vitatu. Cha mguu wa mbele wa kulia kilikuwa kimebaki huko matopeni, kimenyofoka pamoja na kipande cha ukuta wa kwato. Alisema. Fundi wa kwato akaitwa, akatengeneza, mambo yakaisha. Hakuna aliyeunganisha kiatu na kile walichokiita mgomo.

Ukielewa kiatu kinavyotoka kwenye matope utaelewa yote. Tope linashika mguu wa mbele, linauchelewesha kunyanyuka kwa nukta ndogo sana. Mguu wa nyuma unakuja na kasi yake ya kawaida, unakanyaga kisigino cha kiatu cha mbele, na chuma kinang'oka huku mnyama yuko kwenye kasi ya gari. Kwa farasi, hiyo ni ardhi iliyomshika mguu ikakataa kumwachia. Mzee alikuwa na maneno yake mafupi kuhusu hilo: “Huyu hakugoma. Ardhi ilimnyang'anya kiatu, sasa haiamini.”

Kwa hiyo mvua zilipoanza, na jina likaanza kufutwa ubaoni, Mzee akaanza kazi yake bila kumwambia mtu. Farasi aliyebaki bandani lazima anyooshwe miguu, hiyo ni ruhusa ya kila siku: unamfunga kamba, unamzungusha polepole kwenye njia za mazizi. Wenzake walichagua njia kavu. Yeye akachagua yenye madimbwi.

Siku ya kwanza jike alisimama mbele ya dimbwi lenye ukubwa wa sinia la pilau, akagoma kweli kweli. Pua imepanuka, masikio mbele, miguu minne imepandwa kama nguzo. Mzee hakumvuta. Aliingia yeye kwenye dimbwi na gambuti zake, akageuka kumpa ubavu, akasimama humo huku mvua inamnyeshea, akimsemesha Kiluhya taratibu. Dakika zikapita. Akatoka, akamrudisha bandani. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu jike aliinamisha kichwa, akayanusa maji, akayapiga kwa kwato moja, yakamrukia tumboni, akaruka nyuma. Halafu akarudi akayapiga tena. Wiki ikapita, na wale vijana wa mazizi wakaanza kucheka kwamba mzee amefungua shule ya chekechea.

Kicheko hicho kikamfikia Mama. Alimkuta njiani saa moja na nusu asubuhi, wote wawili wameloa, mzee na farasi.

“Mzee, nani amekuambia umtoe huyu?”

“Mama, hajatoka. Anatembea tu.”

“Kwenye maji?”

“Maji ndiyo yaliyopo, Mama.”

Swali lililofuata halikuwa la matope. Aliuliza anamtoa saa ngapi na kumrudisha saa ngapi. Mtu asiyejua farasi wa Afrika angeona ni swali la ajabu, lakini lilikuwa zito kuliko yote. Mvua huleta vile vimbu vidogo sana visivyoonekana vizuri kwa macho, na vimbu hivyo hubeba virusi vya ugonjwa wa farasi wa Afrika. Pundamilia huvibeba bila kuumwa. Punda huumwa kidogo. Farasi asiye na kinga anaweza kuwa mzima asubuhi, kesho yake povu linamtoka puani, na wengi wa wanaoupata hufa. Chanjo ipo, lakini hakuna anayeitegemea peke yake. Wadudu hao huuma kuanzia machweo mpaka alfajiri, kwa hiyo msimu wa mvua farasi wanafungiwa mapema na kutolewa jua likishakuwepo.

“Jua likishatoka ndiyo namtoa,” Mzee akajibu. “Saa kumi na moja jioni madirisha yamefungwa. Hao wadudu nawajua tangu hujaja hapa, Mama.”

Hapo angeweza kumfukuza. Mdosi alikuwa ameshasema wazi, mbele ya masaisi wote, kwamba atakayemuumiza farasi wake asingoje mwisho wa mwezi. Na juzi yake tu alikuwa amempigia Mama simu na lingine: kama bingwa hatakimbia ile mbio kubwa, atampeleka kwa mkufunzi mwingine asiyeogopa mvua. Zizi la Mama halikuwa kubwa. Bingwa huyo akiondoka, wenye farasi wengine wangefuata, ndivyo watu wa mchezo huu walivyo, na mishahara ya masaisi sita ingekuwa hewani. Mama alisimama pale kwenye mvua akamtazama jike akivuka dimbwi, akarudi, akavuka tena bila kuambiwa. Akasema, “Tuna wiki tatu.” Akaondoka zake.

Fundi wa kwato aliitwa siku hiyo hiyo. Visigino vya viatu vya mbele vikafupishwa, kingo zikapigwa zisitokeze nje ya kwato, ili mguu wa nyuma usipate pa kukanyaga. Kazi ya asubuhi moja. Inauma kidogo kufikiria ingeweza kufanywa mwaka mzima nyuma.

Kisha joki. Kijana mzuri, mikono yenye nguvu, na hiyo mikono ndiyo ilikuwa shida. Alikuwa yeye yule aliyesema amegoma. Siku ya kwanza kumpanda kwenye nyasi zilizolowa, aliogopa kuteleza, na mtu akiogopa juu ya farasi hushika hatamu kama mtu anayezama anavyoshika kamba. Jike akatembea shingo imekunjwa, hatua fupi fupi, jasho jeupe shingoni na hata hawajakimbia. Kila mtu akaona yaleyale: hapendi matope.

Mzee aliyekuwa amesimama kando ya ua na ndoo yake akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na ndoo, “Kijana, mwachie kichwa.”

Farasi hujisawazisha kwa kichwa na shingo, kama mtu anayepita juu ya gogo anavyotumia mikono. Akiteleza, anashusha kichwa, ananyoosha shingo, anajipata. Ukimshika kichwa, ni kama kumfunga mtu mikono nyuma kisha umwambie avuke mto. Joki alijua hilo, wote hufundishwa. Lakini kulijua kwenye nyasi kavu ni kitu kimoja, na kulifanya huku ardhi inapiga kelele chini yako ni kitu kingine. Hapa ndipo unapoona kwamba katika yale matope kulikuwa na wanyama wawili wenye hofu, mmoja amempanda mwenzake, na waliokuwa juu ukutani walikuwa wakimlaumu mmoja tu.

Mama hakupiga kelele. Alimshusha kijana, akamwambia amtembeze kwa kamba na Mzee kwa siku nne, miguu chini, gambuti kama wengine. Joki kusaidia kutembeza farasi si jambo unaloliona sana, na kijana alinuna waziwazi. Siku ya tatu alikuwa anacheka. Siku ya tano alirudi juu ya tandiko, hatamu zimelegea mpaka Mzee akatikisa kichwa kwamba sasa zimezidi.

Baada ya hapo kazi ilipandishwa kidogo kidogo. Kwanza mwendo wa polepole kwenye mstari ulionyooka, bila kona, maana kwenye kona ndipo mguu hupelekwa pembeni. Kisha mbio za wastani. Kisha lile jambo ambalo farasi wengi hulichukia kuliko utelezi wenyewe: kukimbia nyuma ya mwenzako. Farasi wa mbele anarusha mabonge ya tope na nyasi, yanakupiga kifuani, machoni, puani. Majoki wao huvaa miwani kadhaa, moja juu ya nyingine, ikichafuka wanaivuta chini inabaki shingoni. Farasi hana miwani ya kubadilisha. Mama akamtanguliza farasi mzee wa zizi, mpole, na bingwa akawekwa mbali nyuma yake, kila siku akisogezwa. Bonge la kwanza lilipompiga usoni alitikisa kichwa na kupunguza mwendo. Joki hakumlazimisha. La kumi alilipita kama nzi.

Saa za Mzee zilikuwa baada ya hapo. Matope yakikaa kwenye ngozi ya chini ya mguu, ngozi inalainika, inapasuka, na kuna bakteria anangoja hapo. Jina lake la kitaalamu lina neno Kongo ndani, congolensis, maana alielezwa mara ya kwanza kwa ng'ombe wa Kongo mwaka wa 1915. Saisi wavivu huosha miguu kwa mpira wa maji kila siku na kuiacha imelowa, wakidhani ni usafi. Mzee aliiacha tope ikauke, akaipiga brashi mpaka vumbi, kisha akapitisha vidole mfupa kwa mfupa akitafuta kigaga. Kwato alizikwangua ndani mpaka kwenye nyama laini ya katikati, akainusa, maana kwato inayooza utaijua kwa pua kabla ya macho. Ofisini kwa Mama kulikuwa na picha ya zamani ya Red Rum, yule wa Uingereza aliyeshinda Grand National 1973, 1974 na tena 1977. Alikuwa na ugonjwa wa mfupa wa mguu, na mkufunzi wake, muuza magari, alimfanyia mazoezi ufukweni Southport na kumtembeza kwenye maji ya bahari. Picha ilikuwa hapo ukutani miaka yote. Wakati mwingine mtu hupita mbele ya jibu kila asubuhi akienda kutafuta chai.

Ile wiki ya mbio ilinyesha Ijumaa yote na Jumamosi usiku. Jumapili asubuhi Mama alizunguka njia nzima kwa miguu, mwavuli mkono mmoja, fimbo mkono wa pili, akiichoma ardhini kila hatua kadhaa. Kando ya ua wa ndani, njia fupi ambayo kila mtu huitaka, fimbo ilizama. Kule nje, nyasi ambazo hazijakanyagwa sana, ilisimama. Akamwambia joki akae nje. Kijana akasema ni mita nyingi za bure. Mama akasema, “Ni mita za ardhi.”

Mbio ilikwenda hivi. Walipoingia kona ya mwisho bingwa alikuwa wa tano, amepakwa tope mpaka huwezi kuiona ile soksi nyeupe. Kutoka kwenye kona, karibu na pale alipopoteza kiatu mwaka uliopita, masikio yalilala nyuma na hatua ikafupika. Wazee wa jukwaani wakaona, mmoja akasema kwa sauti, “Si ndio huyo.” Kijana akateremsha mikono yake mpaka shingoni kwa farasi. Hatua moja, mbili. Kichwa kikashuka, shingo ikanyooka, na jike akaanza kuila ardhi. Alimpita wa nne, wa tatu, wa pili. Kama njia ingekuwa na mita hamsini zaidi, habari hii ingekuwa na picha ya kombe. Alipigwa kwa shingo moja, na farasi ambaye wiki nzima hakuna aliyemtaja.

Mdosi aliondoka bila kuingia mazizini. Wengi waliochana tiketi zao walitoka wakisema walichokuja nacho, kwamba si tulisema hapendi matope. Joki hakusema kitu kwa yeyote. Alimfuata Mzee mpaka bandani akiwa bado na miwani mitatu shingoni, akainama naye wakahesabu viatu. Vilikuwa vinne.

Jioni, madirisha yakiwa yamefungwa kwa sababu ya wadudu, Mzee aliweka kiganja nyuma ya kila mguu, akakiacha hapo muda mrefu, akisikiliza joto. Yote ilikuwa baridi. Farasi aliyekimbia kupita uwezo wake husimama kona ya banda na kuiacha ndoo. Mama alikuja na koti juu ya kichwa, akauliza kutoka mlangoni.

“Amekula?”

“Amemaliza, Mama. Anadai zaidi.”

Mama alikwenda kwenye ubao, akatafuta chaki kavu, akaandika jina la yule jike kwenye mazoezi ya Jumanne, na nje mvua ilikuwa ndiyo kwanza inaanza tena.